MAZUNGUMZO YA MADEREVA WA LORI LA CHAMA KWA VIJANA WANAOTAKA KUINGIA KAZINI



Haya ndiyo tuliyoyasema kwenye mkutano wa ghalani. Mwandishi wa gazeti letu la ukutani katuomba tuyaandike, kwa ajili ya wale waliokuwa shambani siku ile.

Vijana, mliuliza habari za leseni, mkauliza habari za posho. Hakuna aliyeuliza habari za mwili. Wengi mnafikiri dereva anakaa tu, gari ndilo linalofanya kazi. Hata sisi tulifikiri hivyo tulipoanza, na wengine wetu mgongo umetufundisha vingine.

Tuanze na gurudumu. Tairi la lori likiwa na rimu yake hukaribia kilo 100. Likipasuka porini usiku hakuna winchi pale, ni wewe na utingo wako. Asiyejua kunyanyua hulikumbatia akiwa amepinda kiuno, na kiuno kinajibu papo hapo. Chuchumaa, nyosha mgongo, acha mapaja yafanye kazi. Tena gurudumu halinyanyuliwi kama linaweza kuviringishwa. Na kwa rimu zile za pete, usisimame mbele yake wakati wa kujaza upepo. Pete ikifyatuka haina simile.

Mizigo mnaijua wenyewe. Gunia 100 za mahindi za kilo 100 ni tani 10, na wapakiaji wakipungua dereva naye huvua shati. Ubaya ni kumaliza kupakia saa moja jioni halafu ukapanda kuendesha na mwili umekwisha. Hapo ndipo tuliponaswa.

Jamani, hili tutalisema wazi maana lilizungumzwa sana kilabuni. Msimu ule lori lilipoingia mtaroni karibu na kona za Lukumburu, halikukatika breki kama ilivyosemwa. Mmoja wetu alisinzia. Alikuwa amepakia kutwa nzima, akatakiwa mzigo ufike Makambako alfajiri, naye akaona haya kusema amechoka. Utingo alivunjika mguu na hadi leo anachechemea. Gunia zilizolowa mlizihesabu wenyewe. Tulinyamaza kwa kuogopa kazi, na kunyamaza kule kulikuwa kosa letu sote, si la aliyeshika usukani peke yake.

Fanyeni hesabu. Lori likienda kilomita 80 kwa saa, hukata mita 22 kila sekunde. Ukisinzia sekunde nne tu umekwenda karibu mita 90 huku gari halina mwenyewe, karibu urefu wa uwanja wa mpira. Usingizi ni mkali zaidi kuanzia kama saa nane za usiku hadi karibu na mapambazuko, na unarudi tena mchana baada ya kula. Kufungua dirisha, kuimba, kujimwagia maji usoni, yote tumejaribu. Kahawa inasaidia kidogo, nayo huchukua kama nusu saa kufanya kazi. Dawa ya usingizi ni kulala. Egesha mahali pa salama, lala hata dakika 20, kisha utembee kidogo kabla ya kuwasha gari. Mirungi isiingie kabisa: ni haramu kwa sheria, na ikikutoka mwilini usingizi wote unakuja kwa mkupuo. Hata vidonge vya mafua kama Piritoni hulaza mtu. Mwulizeni mganga wa zahanati kabla ya safari.

Njombe mwezi wa Juni na Julai baridi haina mzaha. Kuna utingo huingiza jiko la mkaa ndani ya kibanda cha gari, wafunge vioo, walale. Msithubutu. Moshi ule usioonekana wala kunuka huua watu usingizini. Nunueni blanketi na koti zito, hiyo ndiyo nauli ya Njombe.

Kukaa kwenyewe ni kazi. Kila saa mbili teremka, zunguka gari, gonga matairi, nyosha miguu, maana damu hulala miguuni. Kiti kisogezwe hadi mguu wa kushoto ukanyage klachi hadi mwisho bila kiuno kuchomoka kitini. Pochi itoke mfuko wa nyuma (msicheke, imetuumiza). Kunyweni maji. Tunajua madereva wanaokaa na kiu ili wasisimame kujisaidia, baadaye wanakojoa kwa machozi. Macho yapimwe kabla, na shinikizo la damu pia, kwani chipsi na soda za njiani zinanenepesha haraka kuliko ugali wa nyumbani.

Halmashauri nayo tunaiomba mambo mawili. Safari ya Makambako, ambayo kutoka Songea peke yake ni karibu kilomita 300, iwe na madereva wawili, au mmoja alale njiani bila kuulizwa kwa nini amechelewa. Na aliyepakia mchana asiendeshe usiku. Mwenyekiti amesema litaingia katika ajenda ya kikao kijacho. Tutakuwepo kusikiliza.

Vijana mlioandikisha, anzeni sasa kupanda mlima wa shuleni kila asubuhi, na kulala mapema. Jumamosi saa moja njooni ghalani na viatu vya kufunga, msije na kandambili. Tutafungua gurudumu la nyuma na kulirudisha, kila mtu kwa zamu. Yule utingo wetu naye ameahidi kuja kusema yake.

Ni sisi, madereva wa lori la chama.