Hesabu ya Sahani ya Mgahawani

Ndugu walaji,

Jina hili la walaji tumelizoea hata tunaponunua saruji au vitambaa. Leo tuzungumze juu ya ulaji wenyewe, hususan ule wa mgahawani, ambao hesabu yake hutupotea mara nyingi.

Nyumbani tunaiona chupa ya mafuta ikipungua; mgahawani tunaletewa sahani peke yake. Tutazame chipsi mayai. Macho huona viazi na mayai, lakini hayaoni mafuta yaliyofyonzwa na viazi, wala yaliyoongezwa kikaangoni. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina kalori zipatazo 120, wala hakiongezi ukubwa wa sahani. Soda ya mililita 500 nayo huweza kuwa na gramu 50 za sukari, yaani vijiko vidogo 12. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, mtu anayehitaji kalori 2000 kwa siku hapaswi kuvuka kiasi hicho kwa siku nzima.

Kukosea huku hakuko kwetu tu. Nchini Marekani, watafiti waliwataka wateja wa migahawa ya vyakula vya haraka wakadirie kalori walizokula, kisha wakalinganisha majibu na risiti. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kuwa watu wazima walipunguza hesabu kwa wastani wa kalori 175. Na takriban robo ya wote walioulizwa waliipunguza kwa kalori 500 au zaidi. Kadiri mlo ulivyokuwa mkubwa, ndivyo kosa lilivyozidi.

Mlo mmoja wa sherehe haudhuru. Lakini wengi wetu hula nje kila siku ya kazi, na haba na haba hujaza kibaba. Uzito unaozidi hivyo huongeza hatari ya kisukari na shinikizo la damu, maradhi yanayoigharimu familia nzima.

Kwa hiyo, tuulize kabla ya kuagiza: chakula hiki kimekaangwa au kimechomwa? Tuombe chipsi zichujwe mafuta, kachumbari iongezwe, na maji yaletwe badala ya soda. Sahani ikiwa kubwa, tugawane au tufungiwe kilichobaki. Na tunapojumlisha tulichokula, tuanze na kinywaji, mafuta na rojo, kwa kuwa hivyo ndivyo tunavyovisahau kwanza.

Kujua tunachouziwa ni haki yetu. Tuitumie kabla sahani haijafika mezani.