OKSIJENI: IPO TELE, LAKINI SIYO KILA MAHALI
(Mazungumzo kwenye mkutano wa wanaushirika, Sibwesa)



Leo tunazungumzia oksijeni, ile sehemu ya hewa inayotuweka hai. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Ndiyo maana tunaisahau. Lakini hebu tuihesabu. Ukigawa hewa mafungu 100, oksijeni ni kama mafungu 21, naitrojeni 78. Katika kilo 9 za maji, kilo 8 ni oksijeni. Hata mawe tunayokanyaga, karibu nusu ya uzito wake ni hiyo hiyo. Siyo kitu adimu, jamani.

Kazi yake ni kuungana na vitu vingine. Ikikutana na chuma chenye unyevu, jembe linapata kutu. Basi tulifute na kulipaka mafuta. Ikikutana na kuni zenye moto, zinawaka. Wakausha tumbaku wanajua: ukiziba mlango wa moto wa bani, moto unafifia.

Tutazame Ziwa Tanganyika. Kina chake kinafika mita 1,470, lakini oksijeni iko tabaka la juu tu, kiasi cha mita 100 mpaka 200, kwa kuwa maji ya chini hayachanganyiki vizuri na ya juu. Dagaa na migebuka wote wanaishi huko juu. Chini ni maji matupu.

Hapo ndipo penye somo letu: kitu kinaweza kuwa tele, na bado kikakosekana pale ulipo wewe.

Kwanza, mashimo ya visima. Hewa mbaya hutuama chini. Anayeshuka anaanguka, na anayemfuata kumwokoa anaanguka naye. Kwa hiyo tushushe taa kwanza. Ikizimika, asiingie mtu. Isipozimika, bado siyo hakika, maana hewa ya sumu haizimi taa. Anayeshuka afungwe kamba, na watu wenye nguvu wabaki juu. Akizidiwa avutwe, asifuatwe.

Pili, jiko la mkaa. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, kaboni monoksaidi, na oksijeni ikipungua chumbani sumu inazidi. Mtu hasikii kitu, anasinzia tu, haamki. Basi hata kukiwa na mvua na baridi, tusilale na jiko ndani ya nyumba. Kuzima moto kwa maji haichukui hata dakika moja.

Anayejua kusoma amsomee mwenzake.