Senti Nyeusi

(Mazungumzo ya asubuhi redioni. Somo: Marko 12:41–44)

Sauti hiyo uliyoisikia sasa hivi si ya kengele. Ni ya senti kumi. Nimeiangusha juu ya meza, karibu na kipaza sauti, uisikie kwanza kabla sijakueleza habari zake. Ni senti ya zamani, ile yenye tundu katikati, iliyotumika Kenya, Uganda na Tanganyika siku za utawala wa Waingereza. Imekuwa nyeusi kama sufuria ya kuni. Ukiiokota njiani leo utaitupa, ama utampa mtoto aichezee.

Wazee mnaonisikiliza mnazikumbuka senti hizi. Watu walizitunga kwenye uzi wakazifunga, kwa maana si kila mtu alikuwa na nguo yenye mfuko. Pembe za ndovu zimechorwa kulizunguka tundu, ingawa wengi wetu tulizitumia miaka mingi bila kuziona. Mwaka 1966 Kenya ilipotoa sarafu zake yenyewe, tundu liliondoka. Upande mmoja akakaa Mzee Jomo Kenyatta, na upande wa pili ngao yetu yenye simba wawili, na ndani yake jogoo aliyeshika shoka. Lakini jambo moja halikubadilika: senti kumi iliendelea kuwa pana kuliko shilingi. Ukimwambia mtoto mdogo achague, alichukua senti kumi akaondoka akicheka, akidhani amekushinda. Mimi nilikuwa mmoja wa watoto hao.

Mama yangu aliuza karanga sokoni Bungoma. Hakujua kusoma, lakini sarafu alizijua kwa kidole, hata gizani. Kipimo chake kilikuwa kikombe kidogo cha bati, na kipimo kimoja kilikuwa senti kumi. Fedha zake zote zilikuwa nyeusi. Zilishikwa na mikono yenye mafuta ya karanga, zikafungwa katika pindo la leso, zikalala jikoni juu ya moshi. Ada yangu ya shule ilitoka katika senti hizo. Nakumbuka siku aliyonipa mfuko wa kitambaa niupeleke kwa karani wa shule, na karani akaumwaga mezani, akaniangalia, kisha akawaangalia wenzake. Hakusema neno. Lakini tangu siku ile nilianza kuwa na aibu, na aibu ile nilikua nayo mpaka nikawa mtu mzima mwenye viatu vyeusi na tai.

Basi nilipata kazi ya ukarani mjini Kitale, nikaoa, nikapata nyumba. Baba alikuwa amekwisha kufariki. Mama alikaa kwake Bungoma, lakini karibu kila mwezi alipanda gari, akapitia Webuye, Misikhu, Kamukuywa na Kiminini, akaja kutuona, akiwa na kuku ama ndizi kwapani. Jumapili tulikwenda pamoja kanisani.

Mwaka 1978, Jumapili moja, tuliketi safu ya tatu kutoka mbele. Siku hizo katika kanisa letu sadaka ilikusanywa kwa sahani ya bati isiyo na kitambaa. Mkubwa wangu wa kazi alikuwa safu iliyo nyuma yetu pamoja na mke wake. Sahani ilipofika, mimi nilitia noti yangu. Mama akafungua pindo la leso taratibu, fundo la kwanza, fundo la pili, watu wakingoja, akatoa senti kumi nyeusi, akaiacha ianguke. Ikalia. Ilizunguka juu ya ile sahani, ikalia tena, kisha ikatulia. Mtoto mmoja akacheka.

Tulipofika nyumbani nilimwambia hivi: “Mama, hapa Kitale watu hawatoi senti. Usinitie aibu. Ukija nitakupa noti uitoe.”

Akaniangalia. Akasema, “Haya, Baba.” Aliniita Baba kwa sababu nina jina la baba yake.

Toka siku ile, kila alipokuja nilimpa noti ya shilingi tano kabla hatujatoka nyumbani, naye akaitia sahanini bila kelele. Nami niliona nimemtendea mema. Sikutambua kwamba sadaka ile ilikuwa yangu mara mbili. Ilipita mkononi mwake tu, kama barua inavyopita mkononi mwa tarishi.

Mama alifariki mwaka 1986. Siku chache baada ya mazishi kule Bungoma, mama mdogo aliniita jikoni. Juu ya dari la moshi palikuwa na mkebe wa Kimbo uliofungwa kwa kitambaa.

Akaniambia, “Chukua mzigo wako.”

Nikauliza, “Ni wa nini?”

“Hizo ni za Kitale. Kila aliporudi kutoka kwako alitia moja. Alisema kule kwa mwanawe hawazitaki, lakini za Bwana ni za Bwana.”

Ndugu zangu, nilikuwa mzee wa kanisa wakati huo. Nilikuwa nimekwisha kuhubiri juu ya mjane na senti zake mbili mara nyingi, tena kwa ufasaha. Niliketi juu ya kigoda cha mama nikamwaga ule mkebe chini. Zilikuwa senti kumi 83, zote nyeusi, na chini kabisa nne za zamani zenye tundu, ambazo mama mdogo alisema ni za karanga za kwanza alizouza mama alipokuwa msichana.

Nilichukua moja katika hizo nne, nikaisugua kwa jivu na ndimu mpaka ikawaka kama pete. Ndipo nilipoziona zile pembe za ndovu, na jina la Mfalme George wa Sita. Nilifurahi. Lakini baadaye nilimwonyesha mwalimu mmoja mstaafu pale Kitale, mtu anayekusanya sarafu, naye akasikitika. Akaniambia, “Umeichuna ngozi.” Akanieleza kwamba shaba ikikaa miaka mingi, ikishikwa na hewa na jasho la mikono, hujifanyia ngozi nyeusi, na ngozi hiyo ndiyo inayolinda maandishi yaliyo chini yake yasiliwe. Anayejua thamani yake haisugui. Basi zile tatu sikuzigusa, na hii niliyoiangusha leo ni moja katika hizo tatu.

Mwalimu huyo huyo ndiye aliyenifundisha habari za senti za yule mjane. Biblia yetu ya Kiswahili inaziita senti, nasi tunaelewa vizuri. Katika Kiyunani jina lake ni lepta, nazo zilikuwa fedha ndogo kuliko zote zilizotumika katika nchi ile. Mpaka leo wachimbaji huziokota kwa maelfu. Nyingi zilifuliwa na Mfalme Alexander Jannaeus, aliyekufa mwaka 76 kabla ya Kristo, zikiwa na nanga upande mmoja na nyota upande wa pili. Zilifuliwa kwa haraka. Mara nyingi nusu ya picha imeangukia nje ya sarafu. Nazo zikaendelea kutumika sokoni baada ya mfalme huyo kufa, mpaka siku za Bwana Yesu. Fikiri basi. Yawezekana kabisa kwamba senti za mjane zilikuwa na umri wa miaka zaidi ya 100, zimelika, nanga haionekani, nyota haionekani.

Tena hekaluni hapakuwa na noti. Wayahudi wameandika katika mapokeo yao kwamba palikuwa na masanduku 13 yenye midomo kama tarumbeta. Kila sadaka ilikuwa na sauti. Matajiri walitia nyingi, na senti mbili nyembamba zililia kidogo sana. Yesu alikuwa ameketi kuelekea sanduku la hazina, akitazama. Aliwaita wanafunzi wake akawaambia aliyoyaona. Yule mwanamke mwenyewe hatusomi kwamba aliitwa. Alikwenda zake, na labda njiani alifikiri kwamba hakuna aliyemwona, ama kwamba waliomwona walicheka.

Na jambo jingine ambalo wahubiri tunalipita upesi. Mstari uliotangulia, ule wa 40, Bwana amewakemea waandishi kwa sababu wanakula nyumba za wajane. Kisha mara moja mjane anatokea. Kwa hiyo mimi habari hii siisomi tena kwenye harambee, kumfanya maskini atoe ya mwisho. Nadhani iliandikwa kwa ajili ya sisi tunaoshika sahani.

Siku hizi nasikia katika makanisa yetu, Bungoma na Kitale na kwingineko, mtangazaji akisimama na kusema kwa mzaha, “Leo tunataka sadaka isiyolia,” yaani noti tupu. Watu hucheka. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, wengi wamezoea kutoa kwa simu, na hiyo hailii kabisa. Sina neno juu ya simu. Mimi mwenyewe hutoa hivyo nikiwa mgonjwa. Na sarafu mpya zilizotoka Desemba 2018, zenye twiga na kifaru, simba na ndovu, ni nzuri sana. Lakini mzaha ule unaposemwa, mimi huangalia viti vya nyuma. Yupo mama pale ambaye tayari ameishika shilingi yake ya twiga, imelowa jasho. Umemwona anavyoifunga tena katika leso?

Jumapili iliyofuata baada ya kurudi kutoka mazishini, nilikwenda kanisani Kitale na ule mkebe wa Kimbo. Nilikaa safu ile ile ya tatu. Sahani ilipofika nilifungua kitambaa nikamimina. Kelele yake ilikuwa kubwa mno, na kadhaa zilianguka sakafuni zikaviringika mpaka mimbarini. Mchungaji alinyamaza. Watoto wakaja kuziokota. Nilikuwa nalia, nami sikufuta machozi.

Baada ya ibada mweka hazina aliketi kuzihesabu, akizipanga kumi kumi. Alipomaliza akafungua kitabu chake.

“Shilingi nane na senti thelathini,” akasema. “Niandike jina lako?”

Nikasema, “Andika la mama.”

“Lakini mama ni marehemu, mzee.”

“Alizitoa akiwa hai.”

Aliniangalia kwa muda, kisha akaandika. Zile nne zenye tundu, ambazo hazikuwa fedha tena, alinirudishia mkononi.