Siku 60 ni Zako, Usijifungie na Deni



Nyumba yetu iliuzwa kwa deni la boti. Kusi ilivuma, samaki hakuna, marejesho yakasimama. Baba alificha barua ya mkopeshaji chini ya mkeka kwa aibu. Muda ukaisha tukiwa kimya.

Sasa sikilizeni. Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka mke au mume anayeishi kwenye nyumba ya familia aridhie ndipo iwekwe rehani. Ukishindwa kulipa, upewe notisi ya maandishi ya siku 60. Siku hizo ni zako: omba marejesho yapangwe upya, tafuta msaada wa kisheria, kaeni kikao cha ukoo.

Na hawa wa kausha damu wanaokusainisha mkataba wa kuuza nyumba badala ya mkopo, usisaini! Kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, mkopeshaji lazima awe na leseni. Mwambie aionyeshe.

Serikali tutaendelea kuidai mikopo nafuu ya wavuvi. Lakini aliyepoteza nyumba leo tusimcheke. Sisi majirani walitupa makuti, tukaanza na kibanda. Ukipata barua, njoo nayo barazani siku hiyohiyo, tuisome pamoja.