Homa Ni Kengele Tu

(Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari, Misigiri, wilaya ya Iramba)

 

Naanza na aibu yangu. Nikiwa mwaka wa pili chuo kikuu nilishikwa na homa. Nikaenda duka la dawa, nikajitangazia mwenyewe: "Nina malaria." Nikauziwa dawa bila kupimwa. Siku ya tatu wenzangu walinibeba hospitali. Kumbe ilikuwa homa ya matumbo! Wangapi mmeshafanya kama mimi? Naona mikono, na wengine mnaangalia chini.

Jamani, homa si ugonjwa, ni kengele. Kwenye seli zetu za ulinzi kuna vipokezi, tuviite pua za mlinzi. Kimoja kinaitwa TLR4. Chenyewe kinanusa mafuta yaliyo kwenye ganda la bakteria fulani, wakiwemo wa homa ya matumbo. Kikishanusa, seli hutoa kemikali zinazopeleka habari kwenye ubongo, na ubongo unapandisha joto. Bruce Beutler na wenzake wa Marekani walionyesha kazi hiyo ya TLR4 mwaka 1998. Mwaka 2011 akapata tuzo ya Nobel. Vijidudu vya malaria navyo hunuswa na vipokezi vya ukoo huohuo. Kwa hiyo kengele ni ileile, wezi ni wengi. Mama akikugusa paji la uso atajua unachemka, hawezi kujua mwizi ni nani.

Anayemjua mwizi kwa sura ni kingamwili, maana kila moja hushika kitu chake tu. Mwaka 1975, huko Cambridge, Uingereza, Georges Köhler na César Milstein waliunganisha seli ya panya inayotengeneza kingamwili na seli ya saratani isiyochoka kugawanyika. Wakapata ukoo wa seli unaotoa kingamwili ya aina moja tu, mwaka hadi mwaka. Hizo ndizo kingamwili monokloni.

Zipo zinazoshika TLR4 yenyewe. Watafiti huzitumia kuiona kwenye seli, au kuiziba wasikie kama kengele bado italia. Chupa zake huandikwa ni za utafiti tu, yaani si za kumpa mgonjwa. Msiniulize zinauzwa wapi!

Lakini ndugu zake mmeshakutana nao zahanati, kwenye kile kipimo cha haraka cha malaria. Ndani yake kingamwili monokloni zimepangwa mstari, zinasubiri protini inayotolewa na kijidudu cha malaria. Tone la damu likiwa nayo, mstari unatokea. Ule mstari mwingine unaonyesha tu kwamba kipimo kizima. Usipotokea, majibu hayo hayafai, upimwe upya.

Dada mmoja hapa ameniuliza: "Nimemaliza dawa, nimepona, mbona kipimo bado kinasema nina malaria?" Swali zuri sana! Protini ile hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vijidudu kufa. Hapo mwambie mhudumu ulitumia dawa lini, damu iangaliwe kwa darubini.

Na kikisema huna malaria, usikasirike ukakimbilia dukani. Mweleze mhudumu kila dalili, hata ile ya kuona haya, kama maumivu ukikojoa. Mwizi mwingine bado yumo ndani.

Nimekuja na kipimo kimoja kilichokwisha muda wake, si cha kumpimia mtu. Kipitisheni mkono kwa mkono, mtafute mistari inakotokea.