Chukudu: freni kwanza, rangi baadaye



Chukudu tulizojitengenezea ziko karibu kwisha. Wengi munauliza: rangi tutapaka lini? Tunajibu: tungoje kidogo. Mbao ya kalitusi ikiwa bado mubichi, rangi inafungia maji ndani na kuficha nyufa. Ufa huo utajionyesha kwenye mteremko wa Kibumba, magunia ya viazi yakiwa juu.

Basi mbao zikauke. Kisha tuweke rulema, mpira wa tairi ya zamani kwenye magurudumu, na kipande cha freni nyuma, pale mguu unakanyagia. Tukishazijaribu na mzigo, ndipo rangi.

Wafadhili, tunaomba pesa ya rangi inunue rulema kwanza. Jina la chama tutaliandika tu.