Chujio Lifuate Maji, Lisifuate Jina

Mada yangu ni ule ukurasa wa tovuti ya ndani ya ofisi unaovuta habari kutoka tovuti za nje na kuwaonyesha watumishi zile tu zinazowahusu. Namna ya kuzivuta nitaipita haraka. Tangu RSS, muundo wa kusambaza habari za tovuti, ilipoanza kutumika mwaka 1999, hiyo ni kazi ya kawaida ya fundi. Ninalotaka kulipinga ni wazo lililoenea kwamba kuchuja ni kutafuta jina: ofisi iliyoko Kahe ionyeshwe kila tangazo lenye neno Kahe, mengine yaachwe. Wazo hilo ni rahisi kutekeleza, na kwa Kahe ni la hatari.

Kahe iko tambarare, chini ya mji wa Moshi. Mvua yake ni haba, ndiyo maana wakulima wake hutegemea mifereji na chemchemi kama Miwaleni. Msitu ulio juu, kwenye mteremko wa kusini wa Kilimanjaro, hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na sehemu ya maji hayo hushuka kwa mito kama Rau na Mue hadi huko tambarare. Kwa hiyo mafuriko ya masika yanaweza kuifika Kahe siku ambayo haikunyesha hata tone. Tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, kwa kawaida hutaja mikoa; chujio linalotafuta neno Kahe litaitupa tahadhari ya mkoa wa Kilimanjaro, na ukurasa utabaki mtupu. Ukurasa mtupu nao husomwa kama habari njema.

Dawa ipo katika CAP, muundo wa kimataifa wa tahadhari ambao toleo lake la 1.2 lilipitishwa mwaka 2010. Waliouandaa walifikiri vizuri ajabu. Uharaka wa tukio, ukali wake na uhakika wake kila kimoja kina nafasi yake, wala havikuchanganywa katika neno moja la kutisha. Muda wa tahadhari kwisha unaweza kuandikwa, na eneo linaweza kuchorwa kwa mipaka ya ramani. Hapo mashine huulizwa swali la maana: je, mchoro huu unagusa ardhi ambako maji yetu yanatoka? Pale chanzo kisipotumia CAP, orodha ya majina bado inafaa, mradi iwe na Kilimanjaro, na Uru na Kilema zilizo juu mteremkoni, pamoja na Kahe.

Wapo watakaosema watumishi watazidiwa na matangazo. Hoja hiyo ina uzito, lakini jibu lake ni kupunguza kwa ukali na kwa muda, si kulikata bonde la mito hiyo vipande kwa majina. Wengine watahofia haki za mwenye habari. Ni kweli, TMA ina sheria yake ya mwaka 2019, hivyo ruhusa iombwe na maneno ya tahadhari yasibadilishwe.

Msimamo wangu ni huu: masharti ya chujio yaamuliwe na watu wanaoyajua maji, ndipo fundi ayaingize kwenye mashine. Na kila ukurasa uonyeshe chanzo, saa ya kutolewa, na idadi ya matangazo yaliyoachwa, ili msomaji ajue kuna alichonyimwa.